Miguu iko kwenye Salamu Maria, moyo uko kwa Kashaija

Umande bado haujakauka kwenye nyasi za chini ya mlima, na Privatus Mushumbusi anakimbia. Si mbio za kumshangaza mtu. Anapasha mguu moto: anakimbia kwa urefu wa Salamu Maria moja, akiisema kwa sauti, mpaka kwenye "Amina". Hapo anaacha na kutembea, mikono kiunoni, akiusikiliza mguu wake wa kulia kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya jirani.

Wanawake wawili wanaotoka kuchota maji wanasimama pembeni kumpisha. Mmoja anamuuliza kama bado Bikira Maria anamsukuma.

"Ananizuia," anajibu Privatus. "Kusukuma ninajisukuma mwenyewe."

Wanawake wanacheka na kupita. Yeye anageuka kutazama tambarare ya Ngenge, iliko njia inayotoka kijijini kwake. Macho yake hayatulii. Mbali, kwenye nyasi ndefu, kichwa cha mtu kinapanda na kushuka.

"Huyo anakuja," anasema. "Mtazame anavyotupa magoti. Anakimbia kama mtu asiye na mifupa."

Anayekuja ni Kashaija, kijana wa miaka ishirini na kitu, tarishi wa mguu wa kijiji cha ujamaa cha Ngenge. Kazi hiyo ilikuwa ya Privatus. Sasa ni ya wawili, na Privatus, ambaye amekwisha kufikisha miaka arobaini, hafichi jinsi anavyoliona jambo hilo.

"Wivu ninao," anasema bila kuulizwa mara ya pili. "Nimeuungama kwa padri. Padri akanipa kitubio, kitubio nimekitimiza, na wivu bado ninao."

Kashaija anafika. Jasho linamtiririka, lakini pumzi yake haijakatika, na hilo nalo Privatus analiona. Kijana anatoa ujumbe: Ashura, mke wa Burhani wa duka la ushirika, ana uchungu wa kujifungua tangu jana, na mkunga amepapasa akakuta mtoto amekingama tumboni. Inatakiwa gari la hospitali lishuke haraka, lipitie njia ya juu kwa sababu ile ya chini ina matope.

Privatus anaurudia ujumbe wote, neno kwa neno, kama desturi ya kazi hiyo inavyotaka. Kisha anaupa uso mlima wa Rubya na kuanza kupanda. Midomo yake inacheza. Sasa si Salamu Maria moja tena, ni kumi zima la rozari, Salamu Maria kumi mfululizo, akikimbia, kisha anatembea kidogo na kuanza tena.

Kashaija anabaki chini, ameketi juu ya jiwe, akimtazama mpaka migomba inamficha.

*

Tangu watu walipohamia kijijini, Ngenge haina simu, na mvua zikinyesha trekta halipiti wala lori halifiki. Mgonjwa akizidiwa, lazima mtu akimbie Rubya hospitalini kuita gari. Mtu akiwa kufani, lazima mtu akimbie kumwita padri. Pamba ikiwa tayari kubebwa, lazima mtu akimbie Muleba kuwaambia watu wa ushirika. Kwa muda mrefu mtu huyo alikuwa Privatus.

Wahaya humwita mtu kama huyo entumwa, yaani aliyetumwa. Neno hilo lilimletea Privatus kisa chake cha kwanza. Siku moja alifika ofisa mgeni, mtu wa pwani, kukagua kijiji. Akasikia wazee wanasema, "Mwacheni entumwa apite." Yule ofisa akasimamisha mkutano. Akataka kujua ni nani aliye na mtumwa katika nchi iliyojitawala, tena katika kijiji cha ujamaa. Wazee walieleza mpaka wakachoka. Ili kumaliza maneno, ikaamuliwa kuwa kuanzia siku ile Privatus ataitwa tarishi wa mguu.

"Jina lilibadilika," asema Privatus. "Njia ikabaki ile ile."

Kijiji hakimlipi mshahara. Wakati wa mavuno hupewa madebe mawili ya mahindi, na watu humlimia shamba lake kwa zamu, kwa kuwa yeye hawezi kushika jembe na njia kwa wakati mmoja. Lakini Kokugonza, mkewe, anasema mumewe hakuwahi kukimbia kwa ajili ya mahindi. Alikimbia kwa ajili ya kurudi.

Anaeleza maana yake. Tarishi akirudi, watu hukusanyika mbele ya ofisi ya kijiji kusikia majibu. Kabla ya kutoa neno lolote, Privatus alikuwa akisimama katikati ya uwanja, anainua fimbo, anatoa ekyebugo chake, yale majigambo ambayo Mhaya hujitungia mwenyewe na kuyasema mbele ya watu. Kila mtu ana yake. Majigambo ya mtu ni kama uso wake, huwezi kuvaa ya mwenzako ukaenda nayo harusini.

Ya Privatus, kwa Kiswahili, ni haya: "Mimi Asiyekaa, mwana wa Mushumbusi. Nilitumwa na mama mwenye uchungu, nikafika Rubya chungu chake hakijachemka. Mlima uliniambia pumzika, nikaupa mgongo. Mto uliniuliza jina, nikaujibu nikiwa ng'ambo."

Watoto wote wa Ngenge walikuwa wanayajua. Akimaliza, anapigiwa vigelegele, analetewa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, na orubisi, pombe ya ndizi, ya baridi ndani ya kibuyu. Hapo ndipo anatoa majibu.

"Akitoka pale akija nyumbani, huwezi kumwambia lete kuni," asema Kokugonza. "Anakuwa mfalme mpaka kesho yake."

*

Mguu ulivunjika siku ambayo hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anarudi kutoka Muleba na habari za mbegu. Akaruka mfereji ambao vijana walikuwa wameuchimba siku ile ile, na yeye hakuwa na habari nao. Mguu wa kulia ukatua ukingoni, udongo ukaporomoka. Mfupa wa ugoko ukavunjika.

Hospitalini Rubya akafungwa plasta, ile nyeupe ngumu ambayo watu wa huku wanaiita muhogo. Akarudishwa nyumbani, akawekwa barazani kwenye kiti, mguu juu ya kigoda. Akaambiwa asikanyage nao mpaka atakapoambiwa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rwegasira, hakuwa na la kufanya ila kutafuta miguu mingine. Ikapatikana ya Kashaija. Kijana huyo alikuwa amefika Ngenge karibuni na mama yake, kutoka Kashozi. Huko alilelewa katika viwanja vya misheni, ambako baba yake alikuwa fundi seremala wa kanisa. Katekisimu anaijua kuliko anavyoijua migomba. Kijana alipoomba ushauri kuhusu kazi, Mwenyekiti alimwambia neno moja tu, kwamba afanye kila kitu kama Privatus alivyokuwa akifanya.

Privatus anakumbuka wiki za kwanza kwa uchungu ambao haujapoa. Kutoka barazani kwake unaona uwanja wa ofisi vizuri kabisa. Aliona watu wa zamu wakipita na majembe yao, wakimsalimu kwa heshima, na kwenda kulima shamba la Kashaija. Aliona jani la akamwani likipelekwa. Aliona mke wake mwenyewe akinyoosha shingo kutazama kama kijana amefika.

"Nilimuuliza, unatazama nini," asema. "Akaniambia anatazama kama mvua inakuja. Mvua ya Ngenge hutoka upande wa pili."

Kokugonza anacheka akisikia hayo. Anasema ni kweli alikuwa anamtazama Kashaija. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama. Kisha anaacha kucheka. "Mtu mwenye wivu anauliza vitu ambavyo majibu yake anayajua," anasema. "Nilichoka kuulizwa."

Halafu ikaja siku ya ekyebugo.

Kashaija alikuwa amekwenda kumwitia gari mzee mmoja aliyeumwa na nyoka, na mzee akapona. Aliporudi, watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba tarishi asitoe majibu makavu, aseme kwanza. Kashaija akasimama katikati ya uwanja. Akainua fimbo.

"Mimi Asiyekaa, mwana wa Mushumbusi," akaanza.

Watu wakadhani ni mzaha. Lakini kijana hakuwa anatania. Akaendelea, mama mwenye uchungu, chungu, mlima, mto, hakukosea hata neno moja. Watoto, kwa kuwa wameyazoea maneno hayo, wakaitikia panapoitikiwa.

Barazani, Privatus alisikia jina la baba yake likitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Kokugonza anasema alimwona akisimama. Akamwambia, "Keti, mume wangu." Hakuketi. Alikuwa ametolewa plasta siku chache tu, anatembelea fimbo, na amekatazwa hata kubeba ndoo. Akaitupa fimbo na kukimbia.

Alifika nusu ya uwanja. Wote waliokuwepo wanasema walisikia mlio.

*

Kilichofuata ndicho kinachomuuma Privatus zaidi ya mfupa wenyewe. Alipolala pale chini, ilibidi mtu akimbie Rubya kuita gari. Na tarishi alikuwa mmoja tu. Kashaija, ambaye alikuwa hajanywa hata orubisi ya kurudi, aligeuka na kuondoka tena kwa mbio.

Wengine wakamlaza Privatus kwenye machela na kumbeba kuelekea mlimani ili wakutane na gari njiani. Anasema njia nzima alikuwa akiomba gari lichelewe.

"Nilitaka kijana achelewe, wakati mguu ni wangu," anasema. "Mambo hayo si ya mtu mwenye akili. Ninayasema kwa sababu ndivyo yalivyokuwa."

Gari halikuchelewa. Na hospitalini, sista anayewafundisha wagonjwa wa mifupa kutembea, Sista Jovita, akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba kijiji chao kina bahati kupata kijana mwenye miguu kama ile. Privatus akageukia ukutani.

Kashaija alikuja kumtazama Jumapili baada ya Misa. Alileta ndizi mbivu. Privatus hakuzigusa. Kijana akasimama karibu na kitanda, akaomba radhi, akaeleza alivyokosea. Kule misheni, alisema, hakuwahi kuona watu wakijigamba. Alipoambiwa afanye kila kitu kama Privatus, alidhani maneno yale ni ya kazi, yanakaa na kazi.

"Nilidhani ni kama Misa, Ta Privatus," akasema, akitumia lile "Ta" la kumheshimu mkubwa. "Padri akibadilika, Misa haibadiliki."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Privatus hakucheka. Alimuuliza kijana, na lile jina la Mushumbusi alidhani ni la nani. Kashaija akajibu kwamba alidhani ni mtakatifu.

*

Plasta ya pili ilikaa muda mrefu kuliko ya kwanza. Ilipotolewa, Sista Jovita hakumpa maneno laini. Alimwambia kuwa mfupa umeungana, lakini ukiachia tena mahali pale atatembea, kukimbia asahau.

"Ta Privatus, mfupa hauna haraka yako," Sista anakumbuka kumwambia. "Yule kijana anaweza kukimbia mpaka Bukoba na kurudi. Mfupa wako hautajali."

Akampa masharti. Kwanza atembee bila kuchechemea, na asikimbie hata hatua moja kabla ya hapo. Kisha asimame kwa mguu wa kulia peke yake, ashike nguzo, ainue kisigino na kukishusha polepole, kila siku, mpaka mguu ule ufanye kazi sawa na mwenzake. Msuli ulikuwa umekonda mpaka Kokugonza alisema unafanana na wa mtoto wa shule.

Baada ya hapo ndipo akaruhusiwa kuchanganya kutembea na kukimbia, kwenye nyasi au udongo laini, siku moja akimbie, siku ya pili apumzike. Miteremko aiache mwisho kabisa, kwani mtu anaposhuka hutua kwa uzito wote. Kupanda kunachosha pumzi, lakini mguu hautui kwa kishindo.

Na akimbie polepole kiasi cha kuweza kusema. Akishindwa kusema, amezidisha, atembee. Sista akamshauri aseme kile ekyebugo chake anachokipenda.

Privatus akakataa. Alisema maneno yale yamevaliwa na mtu mwingine, bado yana jasho lake. Sista akamtazama. Akamwambia, basi sema Salamu Maria, hiyo ni ya wote na hutamwonea mtu wivu.

Hivyo ndivyo kipimo kilivyopatikana. Privatus hana saa ya mkononi. Alianza kwa kutembea kumi zima la rozari na kukimbia Salamu Maria moja. Ilipozoeleka, mbili. Sharti la mwisho la Sista lilikuwa la asubuhi. Maumivu kidogo jioni si kitu, lakini akiamka asubuhi yake na mguu unauma au anachechemea, arudi kwenye hatua ya nyuma, wala asibishane.

Yeye alibishana mara moja. Alikuwa kwenye njia ya mtoni, Salamu Maria ya tatu, anakwenda vizuri. Nyuma yake akasikia nyayo. Kashaija akampita na mkoba, akamsalimu kwa adabu, "Habari za asubuhi, Ta Privatus," akaendelea. Hakuwa anajionyesha. Alikuwa anakwenda Muleba tu.

Privatus anasema alifika kwenye "utuombee sisi wakosefu" na hajui maneno yaliyobaki yalikwenda wapi. Alimfuata mpaka mtoni. Asubuhi yake mguu ulikuwa umevimba juu ya kifundo. Akarudi kwenye kutembea, karibu mwezi mzima, na mkewe hakumwambia neno lolote, jambo ambalo anasema lilikuwa baya kuliko kuambiwa.

*

Wakati wa kupanga kazi za msimu mpya ulipokaribia, kijiji kilitaka kujua tarishi ni nani. Mkutano uligawanyika. Wazee walimtaka Privatus kwa sababu hajapotosha ujumbe hata mara moja. Vijana walimtaka Kashaija kwa sababu zinazoonekana. Mzee Rwegasira, aliyetaka watu warudi makwao, akasema waamue kwa mbio. Jumapili baada ya ibada, kutoka ofisini mpaka kwenye mto, atakayetangulia kulowa miguu ndiye tarishi.

Privatus alikubali kabla Mwenyekiti hajafunga mdomo.

Wiki ile, kwa maneno ya Kokugonza, alikuwa kama bwana harusi. Alipaka mguu samli. Aliomba raba za kuazima. Usingizini alikuwa akisema jina la Kashaija. Mkewe hakumzuia. Alimwambia jambo moja tu, Jumamosi, akiwa anamenya ndizi. Alimwambia kwamba akivunjika tena, atakayekimbia Rubya kumwitia gari ni yule yule.

Jumapili watu walijaa. Hata Walutheri wa upande wa pili wa mto walikuja baada ya ibada yao. Kashaija alivua shati. Privatus alivaa raba. Wakasimama kwenye mstari uliochorwa kwa majivu.

Hapo Privatus akatazama mbele. Ameipita njia ile kwa miaka, lakini anasema siku ile ndipo alipoiona. Kutoka ofisini mpaka mtoni ni mteremko mtupu, wa mawe.

Mwenyekiti akainua kitambaa. Privatus akaanza Salamu Maria moyoni, kwa mazoea tu. Kitambaa kikashuka. Kashaija akaondoka. Privatus akabaki amesimama kwenye majivu.

Watu wakaanza kucheka. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba Asiyekaa leo amekaa. Walicheka zaidi. Kashaija alifika mtoni peke yake, akageuka, hakuona mtu nyuma. Wanasema hakujua afanye nini, akaingia majini hivyo hivyo.

"Ningependa kukuambia kuwa nilijaliwa unyenyekevu," asema Privatus. "Haikuwa hivyo. Nilikuwa namtazama yule kijana anavyoshuka, naona wivu mpaka meno yanauma. Lakini mguu haukuwa tayari kwa mteremko, na niliujua. Wivu ulikuwa unanisukuma mgongoni, nami nimesimama."

Vicheko vilipopungua, alimwomba Mwenyekiti nafasi ya kusema. Alisema njia ya Rubya ina sehemu mbili, tambarare na mlima. Tambarare kijana amewapita wote, hakuna ubishi. Mlimani kijana huyo huyo hupanda akihema, amezaliwa Kashozi na mlima huu haujui. Watu wanajua.

"Mlima nipeni mimi," akasema. "Nitamngoja kijana chini yake. Kupanda nimeruhusiwa. Kushuka nitatembea, kwa kuwa ujumbe ukishafika hauna haraka tena."

Mwenyekiti akamuuliza Kashaija, ambaye miguu yake ilikuwa bado inachuruzika maji. Kijana akasema anakubali, tena anashukuru, maana mlima ule humkata mbavu. Madebe ya mahindi yatakuwa moja kwa kila mtu. Zamu za kulima nazo zitagawanywa.

*

Gari la hospitali linashuka kutoka Rubya na Privatus ameketi mbele, karibu na dereva. Anasema hapo ndipo mahali anapopapenda siku hizi, kwa sababu ni mteremko wote na mguu unapumzika. Chini ya mlima Kashaija anarukia nyuma, na wote wanakwenda mpaka kwenye mlango wa Burhani. Ashura anapakiwa, gari linageuza.

Habari zinarudi siku ya pili yake. Mtoto ni wa kike, mama ni mzima. Burhani anatoka na sinia la tende, kwa kuwa kwake ndiyo desturi, na mama wa nyumba ya jirani anatoka na jani la akamwani, kwa kuwa ndiyo desturi ya hapa. Jani ni moja, na matarishi ni wawili. Yule mama anasita. Privatus ananyoosha mkono kwanza, anachukua punje, kisha anampa Kashaija jani lililobaki bila kumtazama usoni.

Watoto wanataka maneno. Kashaija anatikisa kichwa, anasema yeye bado hajatunga. Alimwomba Privatus amsaidie, na Privatus alimjibu kwamba kila mtu huota meno yake mwenyewe. Macho yote yanamgeukia mkubwa. Naye pia anatikisa kichwa.

Hatayasema sasa, anaeleza baadaye akiwa barazani, mguu juu ya kigoda, Kokugonza akimmiminia maji ya kunawa. Sista amesema akiendelea hivi bila kuamka na maumivu, ataanza kumfundisha kushuka, kwanza kwenye miteremko midogo yenye nyasi. Mpango wake ni kuirudia njia yote, Ngenge mpaka Rubya, na kurudi kwa miguu yake mpaka kwenye uwanja wa ofisi. Siku hiyo atainua fimbo. Na anataka Kashaija awe amesimama pale pale mbele, akisikia.

Atasema yale ya zamani, na ameongeza mstari mmoja. Anausema polepole, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiye mkewe: "Mfupa uliniacha njiani, nikaungoja, tukafika pamoja."

Anaulizwa kama haogopi kijana atauchukua na huo.

"Hawezi. Hajavunjika," anasema Privatus, na kwa mara ya kwanza uso wake unapata raha kabisa. Kisha anatazama upande wa ofisi, ambako kijana anafunga kamba ya mkoba kwa safari ya kesho, na raha inapungua.

"Kila jioni namwombea miguu yake," anasema. "Namwombea Mungu amlinde na mifereji. Akivunjika tu, atauchukua."